Eda ya Bibi wa Ngomeni

Kitabu chenyewe kilikuwa kidogo, jalada lake la buluu, na nilipewa Unguja na masista waliokuwa wakitusomesha, zawadi ya hati nzuri. Kusema kweli mwenye hati nzuri hasa alikuwa mwenzangu mmoja, lakini wiki ile alilala na surua. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kina picha za rangi, na kilieleza maisha ya binti wa mfalme katika nchi za baridi, zamani sana, ambaye Wakristo wanamhesabu miongoni mwa watakatifu wao. Tulipoondoka Unguja mwaka 1964, kila mtu aliambiwa achukue kile anachoweza kukibeba mwenyewe. Mama alichukua bangili zake, bibi akachukua msahafu wake, na mimi, kwa ubishi tu, kwa kuwa mama alisema kitabu kiachwe, nikakificha ndani ya nguo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nikijiona msomi mkubwa.

Maskati ilinivua usomi huo mapema. Skuli ya kunipeleka haikuwapo. Baba na mama walikwenda Dubai na wadogo zangu kutafuta maisha, nami nikabakishwa kwa bibi mzaa mama, ndani ya ukuta wa mji, katika nyumba ya mawe yenye chumba cha juu ambacho dirisha lake lilitazama ngome ya Wareno juu ya jabali. Nilikuwa nikichambua mchele, nikimfungulia mlango mleta maji na punda wake kutoka visima vya Wadi Kabir, na saa zilizobaki nikinuna. Bibi akisema lau kununa kungekuwa na mshahara, mimi ndiye ningewalisha wote.

Tulikaa watatu: bibi, mimi, na mkaza mjomba, yaani mke wa mjomba wangu, mtoto wa kiume wa bibi. Mimi nikimwita Mkaza tu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu, mcheshi, hakuwa na mtoto, na alikuwa akikanda unga kwa nguvu mpaka sinia linahama mahali pake. Mjomba alikuwa Kuwait akifanya kazi, kama wengi wa wakati ule. Mwaka 1965 ikaja barua kwamba homa imemchukua na amezikwa huko huko.

Sitaki kukaa sana kwenye siku zile. Baada ya matanga Mkaza akaingia eda. Akahamia chumba cha juu, akavaa nguo nyeupe zisizo na ua, akavua bangili, akaviaga hina, wanja na marashi, na ikawa hatoki mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Barua ilichelewa siku ishirini na tatu, na sheikh wa msikiti akasema hesabu inaanzia siku ya mauti, si siku ya barua. Bibi hakuipenda hesabu hiyo. "Siku zile zote alikuwa akicheka," alisema, "vipi tena ziwe eda?" Lakini neno la sheikh halikupingwa.

"Kakae na mkaza mjomba wako," bibi akaniambia. "Umzungumzishe. Mtu hawezi kuzungumza na kuta miezi minne."

Nilizungumza siku tatu, maneno yakaniishia. Siku ya nne baada ya laasiri nikapanda na kitabu changu, nikakaa mkekani, nikaanza kusoma kwa Kiingereza moyoni na kwa Kiswahili mdomoni. Bibi alikuja na dele la kahawa, akaja pia jirani yetu, mwanamke mshona kofia, ambaye hakuwahi kukosa pahala penye kahawa. Jina la yule binti mfalme lilikuwa gumu, wote watatu walilikataa. Mkaza akanyoosha kidole dirishani na kuuliza kama aliishi mahali kama pale juu ya jabali. Nikasema ndiyo, hasa pale. Tangu hapo akawa Bibi wa Ngomeni.

Kabla sijaanza kusoma nilikuwa nimeshachungulia ukurasa wa mwisho, kwa kuwa sina subira na sijawahi kuwa nayo. Picha ya mwisho ilimwonyesha Bibi wa Ngomeni amelazwa, mishumaa imemzunguka, ndege wamejipanga juu ya paa. Maneno ya chini yalisema alifariki akiwa na miaka ishirini na minne. Nilimtazama Mkaza na nguo zake nyeupe, nikaapa kwamba ukurasa ule hatutaufika. Namna ya kutoufika nilikuwa sijaijua bado.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Bibi wa Ngomeni alipelekwa ukweni akiwa na miaka minne, na hapo jirani akasema hata kwao mambo hayo yalikuwapo. Aliolewa na kijana mwema aliyempenda kweli kweli. Alikuwa akishuka mjini na mikate ndani ya joho kuwapa masikini, na watu wa nyumba ya mumewe walichukia. Siku moja mumewe akakutana naye njiani, akamuuliza amebeba nini. Akafungua joho, na mikate yote imegeuka mawaridi.

Nilinyamaza hapo nipate sifa zangu. Jirani alisema mashaallah. Bibi aliweka kikombe chini.

"Na wale masikini," akauliza, "siku ile walikula nini?"

Nikatafuta kitabuni. Hakikusema.

"Muujiza gani huo wa kumnyima mtu chakula chake? Ningekuwa mimi ningeomba mawaridi yageuke mikate."

Mkaza akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu barua. Mimi nilikuwa nimekasirika kwa kuharibiwa muujiza wangu, lakini nilipomwona bibi anageuza uso na kujifuta kwa ncha ya mtandio wake, hasira zikaniishia. Mkaza akaniomba nisome tena pale pa mawaridi, kwani marashi ameyakumbuka na hapa anayapata bila dhambi. Nilisoma mara tatu.

Basi kila Ijumaa alikuwa akija ami yake Mkaza, ndugu wa baba yake, mzee mwenye ndevu fupi nyeupe na bakora, ambaye ndiye aliyekuwa walii wake, mwenye haki ya kumwoza. Akileta sukari, majani ya chai na kapu la tende. Tende hizo hazikuwa za sokoni. "Hizi za Ghubra," alikuwa akisema, "shamba la mtu mmoja rafiki yangu. Mtu wa kheri sana. Shamba lina maji." Ijumaa ya pili shamba likawa na visima viwili. Ijumaa ya tatu tukajua kwamba mwenye shamba ana wake wawili tu na magoti yake bado hayamsumbui. Mwanamke aliye ndani ya eda haposwi waziwazi, kila mtu anajua hilo, lakini hakuna aliyekataza kumsifia tende. Mkaza alizila, maana zilikuwa tamu, na kokwa akizitupa dirishani moja moja.

"Mimi simtaki yule mzee," aliniambia siku moja. "Lakini nikimkataa, ami akikasirika, ntakula wapi? Bibi yako mwenyewe analishwa na baba yako."

Nikasoma kitabu.

Bwana wa Ngome akasafiri vitani. Hapo nilimeza maneno, maana kitabu kilisema wazi kwamba anakwenda kupigana na Waislamu.

"Vita na nani?" akauliza jirani.

"Na majirani zao."

"Majirani gani?"

"Wabaya."

Nashukuru kwamba Bwana wa Ngome hakumpiga mtu. Alifika bandarini, akashikwa na homa, akafa kabla ya jahazi kuondoka, na khabari zikamfikia mkewe baada ya siku nyingi kwa mtu aliyetumwa. Niliyasema haya kwa haraka, mwenye furaha ya kuvikwepa vita, na ndipo nikasikia mwenyewe nilichokisema. Homa, mbali, na khabari iliyochelewa. Nilikuwa sikufikiri hata kidogo. Bibi aliinuka akaenda dirishani, akasimama akiitazama ngome.

"Khabari zilichukua siku ngapi?" akauliza bila kugeuka.

"Nyingi, bibi. Kupita zetu."

"Masikini mwanangu," akasema, na sikujua anamsema mjomba, au Mkaza, au yule wa kitabuni.

Kesho yake nilitaka kuichangamsha nyumba, kwa hiyo nikamtoa Bibi wa Ngomeni mapema. Akavaa joho lake akashuka mjini na mikate.

"Anakwenda wapi?" bibi akauliza.

"Kwa masikini."

"Na eda?"

"Yeye Mnasara, bibi. Hana eda."

"Mume hakuwa nae?"

"Alikuwa nae."

"Kafa?"

"Kafa."

"Basi ana eda. Mrejeshe ndani."

Nilibisha. Nilisema imeandikwa, ona hapa, imepigwa chapa kabisa. Bibi akasema aliyepiga chapa hakumzaa marehemu. Nilielewa kuwa hasemi tena juu ya mtu wa kitabuni, nikamrejesha ndani. Jirani akahesabu kwa vidole siku zilizopotea njiani, kwa fatwa ile ile ya sheikh, na tukakubaliana kwamba Bibi wa Ngomeni ana miezi mitatu na siku kidogo ya kukaa.

Sasa fikiria taabu yangu. Kitabu kina kurasa sitini, na mwanamke amefungiwa ndani katikati yake. Nililazimika kutunga. Leo Bibi wa Ngomeni anachambua adesi. Leo anagombana na mama mkwe. ("Mama mkwe kafanya nini?" bibi akauliza kwa ukali, na ikabidi siku ile ile wapatane.) Leo mvua. Mkaza hakuchoka. Kila asubuhi akifungua dirisha, akiitazama ngome, akiniuliza, "Mwenzangu leo vipi?" Na mimi, niliyekuwa nikinuna mwaka mzima, nikawa naamka alfajiri nikitafuta cha kumjibu.

Zikapita wiki tano hivi. Siku moja nikiwa jikoni nilikuwa nikipekua kurasa za nyuma, nikaona mistari miwili niliyoiruka kwa haraka zangu. Nikapanda ngazi nikikimbia.

"Kazaa!"

"Nani?" bibi akashtuka.

"Bibi wa Ngomeni. Alikuwa na mimba mumewe alipokufa. Mtoto wa tatu kazaliwa wiki chache baada ya mauti."

Bibi aliinua mikono yote miwili. Mwenye mimba eda yake ni kujifungua, hilo halihitaji sheikh. Jirani akapiga kigelegele, akakumbuka tuko nyumba gani, akajiziba mdomo kwa kofia aliyokuwa akiishona. Tukacheka wote, Mkaza zaidi. Kisha akalaza mkono tumboni kwake mahali pasipokuwa na kitu.

"Mwenzangu kaniacha peke yangu," akasema.

Nilitamani kuimeza ile mistari. Nikamwambia naweza kumweka ndani kidogo, hakuna anayejua Kiingereza hapa. Akatikisa kichwa.

"Mtoe," akasema. "Atoke akaniangalizie mji. Nnataka kujua huko nje kuna nini."

Basi akatoka, na kukatokea mengi. Shemeji yake akamfukuza ngomeni na watoto watatu, akalala kwenye zizi la nguruwe, ambamo mimi niliwatia mbuzi badala ya nguruwe ili bibi asimhurumie nusu nusu. Halafu mjomba wake, mkubwa mmoja wa dini yao, akataka kumwoza kwa mtu mwenye enzi. Mkaza alikuwa na tende ya Ghubra mkononi. Akaishusha.

"Akasemaje?"

"Akasema hataki. Akasema wakimlazimisha atajikata pua, asitamaniwe na mtu."

"Pua ya nini?" Mkaza akauliza. "Mdomo si anao?"

Bibi akaguna, guno la kukubali. Mjane si kama mwari, ambaye akinyamaza wanasema karidhia. Mjane lazima aseme mwenyewe. Nikaendelea: hawakumlazimisha, akajenga hospitali, akawa anaosha vidonda vya wagonjwa kwa mikono yake, mtoto wa mfalme.

Mkaza akaitazama mikono yake. Jirani, ambaye aliujua mji mzima, akasema kule Matrah hospitali ya Wamisheni inatafuta wanawake wa kuosha wagonjwa na kufundishwa ukunga, na kwamba wanalipa. Bibi akammiminia kahawa tu. Lakini tangu siku ile kokwa za tende zilitupwa dirishani kwa nguvu zaidi.

Siku ya kutoka eda ilikuwa ya furaha tangu asubuhi. Tulimwogesha Mkaza, tukamfukiza udi, bibi akafungua kichupa cha marashi ya mawaridi ya Jabal Akhdar aliyokuwa ameyaficha tangu siku ya barua, akammwagia kichwani mpaka yakamchirizika shingoni. Akavaa kanga mpya. Akashuka ngazi taratibu, akaenda mpaka mlango wa nje, akausukuma, akautazama uchochoro wenye ukuta na paka mmoja kama mtu aliyepelekwa Makka.

Laasiri akaja ami na sinia la halwa, na safari hii hakusifia tende. Akaketi, akamsalimia bibi. "Bi mkubwa, nimekuja na khabari ya kheri," akasema, akamtaja mtu wa Ghubra kwa jina lake kamili.

Mkaza alikuwa amekaa karibu na bibi.

"Ami," akasema, "unisamehe. Simtaki. Nnataka kwenda kufanya kazi Matrah, kwa wagonjwa."

Ami hakupandisha sauti. Aliuliza tu nani kamtia fikra hiyo, na jirani, aliyekuja kwa ajili ya kahawa, akasema bila ubaya wowote kwamba ni yule Bibi wa Ngomeni wa kitabuni. Ami akaomba kitabu.

Nilikileta. Nilijua kwamba aliwahi kukaa Unguja ujanani, lakini siku zote nilidhani alikuwa muuza duka. Alivaa miwani, akafungua ukurasa mmoja mmoja, polepole, nami nikajipa moyo kwamba anatazama picha. Alifika mwisho. Alikaa hapo muda mrefu, kidole chake kikiwa chini ya ile mishumaa na wale ndege.

"Yule mjomba wake," akaniuliza, "alimwoza?"

"Hakumwoza, ami."

"Aliishije?"

"Alijenga hospitali. Akauguza watu."

"Kisha?"

Mkaza alikuwa anatazama mkeka. Nikawaza: nikisema kweli, ami atasema, mnaona basi, huo ndio mwisho wa mwenye kukataa.

"Kisha akazeeka."

"Akazeeka sana?"

"Sana, ami. Mpaka meno yakamtoka. Alikuwa na wajukuu kumi na mmoja."

Mimi sijui kudanganya kidogo. Ami alinitazama juu ya miwani. Kisha akakifunga kitabu, akanirejeshea kwa mikono miwili.

"Kuna gari ya asubuhi ya kwenda Matrah," akamwambia Mkaza. "Dereva namjua. Ntamwambia akungoje."

Akanywa kahawa yake, akaondoka, akatuachia halwa. Tuliila yote siku ile ile. Mzee wa Ghubra alioa kwengine kabla ya mwezi kwisha na tende zikakatika, jambo lililomuuma bibi peke yake.

Mkaza alikwenda na gari ile kesho kutwa yake, na akaendelea kwenda. Alianza kwa kuosha shuka, akaosha wagonjwa, akafundishwa kuzalisha. Jioni alirudi akinuka sabuni na dawa, akitueleza nani kazaa na nani kakataa sindano, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akisimulia na mimi nikisikiliza. Bibi akimuuliza kila siku swali lile lile, kama wagonjwa wamepewa chakula.

Mwaka 1970, sultani mpya alipotawala na nchi ikafunguka, zikafunguliwa skuli, na watu wakaanza kutafutwa, yeyote aliyewahi kukaa darasani. Wakaja mpaka kwetu. Mimi, mwenye zawadi ya hati ya mtu mwingine, nikaambiwa nitasomesha wasichana. Siku moja kabla ya kuanza, nilikuwa nikitafuta cha kutia kwenye mkoba, nikakishika kile kitabu cha buluu. Mkaza alikuwa kitandani amenyoosha miguu, kachoka. Nikaona siwezi kuingia darasani na uongo ule kifuani.

"Mkaza," nikasema, "Bibi wa Ngomeni hakuzeeka. Alikufa na miaka ishirini na minne."

"Nnajua," akasema.

"Unajua vipi?"

"Ile picha ya mwisho niliiona siku ya kwanza, ulipokwenda kuleta vikombe. Maiti haihitaji Kiingereza. Nikasema ngoja nione utamficha wapi." Alikuwa anacheka. "Na mimi huyo nishampita kwa miaka mitano."

Nikamrukia nikamkumbatia, nikamwambia angalau ami tulimdanganya. Mkaza akanisogeza kando, akanitazama kwa huruma.

"Ami alikuwa karani bandarini Unguja miaka ishirini," akasema. "Barua zote za Kiingereza akiziandika yeye."

Ijumaa ile nilikwenda kumsalimia. Alikuwa ameketi kwenye baraza yake, macho yameanza kumwacha, bakora mapajani. Nilishika mkono wake, nikaubusu, nikamwambia nimeanza kusomesha. Akanibariki. Nilitaka kumshukuru kwa siku ile ya kitabu. Yeye akanitangulia.

"Yule Bibi wako wa Ngomeni," akauliza, "hajafa bado?"

"Bado, ami."

"Alhamdulillahi," akasema, akanisogezea sahani ya tende.